Mashine Isiyopoteza Pigo

Vijana wanaonijia kuomba ushauri wa laptopu ya kutengenezea muziki huanza karibu wote na swali moja: "Kaka, nichukue i5 au i7?" Mimi huwauliza kwanza watarekodi nini, wapi, na watu wangapi kwa pamoja. Wengine hudhani nawazungusha. Lakini nimefanya kazi ya kurekodi hapa Dar es Salaam muda wa kutosha kuona laptopu mpya zikiaibika mbele ya kwaya nzima, na nyingine za mtumba, zenye mikwaruzo na herufi zilizofutika, zikibeba albamu kutoka biti ya kwanza hadi miksi ya mwisho. Kompyuta ya muziki hupimwa kwa kufika kwa wakati, kila wakati. Kasi ni jambo linalofuata baada ya hapo.

Somo hili nililipata Sinza, nilipokuwa msaidizi wa prodyuza mmoja tuliyekuwa tukimwita Bro. Enzi hizo studio ya mtaani ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani na kompyuta ya mezani iliyofunuliwa ubavu ili ipate hewa. Biti zilipikwa kwa FruityLoops, programu iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiwa kifaa kidogo cha kupangia mapigo ya ngoma, na ambayo leo tunaijua kama FL Studio. Kazi yangu ilikuwa kukunja nyaya, kufunga mlango msanii akiingia kurekodi, na kuzima feni ya dari kabla ya kila vokali. Bro alikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: kompyuta ya studio haiunganishwi na intaneti, haichezi filamu, na haipokei flashi ya mtu asiyejulikana.

Siku moja nilimuuliza sababu. Akachukua penseli, akageuza karatasi ya mashairi ya msanii aliyekuwa ametoka, akanichorea. Sauti ikiingia kwenye kompyuta hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kompyuta haivishughulikii vipimo hivyo kimoja kimoja. Hukusanya fungu, tuseme vipimo 256, hulipitisha kwenye programu, kisha hulisukuma kwenye spika. Fungu hilo ndilo bufa. Gawanya 256 kwa 44,100 utapata kama milisekunde 5.8. Kila baada ya muda huo mfupi, kompyuta lazima iwe imemaliza fungu moja na kushika jingine. Ikichelewa mara moja tu, spika hukosa cha kupiga, nawe unasikia mkwaruzo. Ukipandisha bufa hadi 1,024, mashine hupata milisekunde 23 na kuvuta pumzi. Lakini hapo mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni husikia sauti yake ikimfuata kwa nyuma, naye huanza kuburuta wimbo bila kujijua.

Tangu siku hiyo naiangalia kompyuta kama mpiga ngoma. Mwenye mikono ya haraka akipoteza pigo moja kila dakika, wachezaji watamwacha na kumfuata yule wa kawaida asiyekosea. Namba zilizobandikwa kwenye boksi hutuambia mashine inaweza kukimbia kiasi gani ikiwa imetulia. Hazituambii itafanya nini saa nane mchana mwezi wa Machi, joto limejaa chumbani, Wi-Fi inatafuta mtandao kwa siri, na programu ya kukinga virusi imeamua kukagua diski katikati ya kiitikio. Sharti la Bro lilikuwa la kulinda wakati wa mashine, na hadi leo jambo la kwanza ninalofanya kabla ya kurekodi ni kuzima Wi-Fi.

Baada ya kutoka Sinza niliingia kwenye kurekodi kwaya, na huko ndiko nilikoona gharama ya kuchagua mashine kwa macho. Kwaya ya usharika mmoja Mbagala ilikuwa imechangishana kwa muda mrefu, pamoja na mnada wa kuku na mikungu ya ndizi baada ya ibada, ili iwe na kompyuta yake ya kurekodia. Mzee mweka hazina aliileta ameikumbatia kifuani, ikiwa bado kwenye boksi lake, plastiki haijabanduliwa. Duka lililowauzia liliwahakikishia kuwa ni ya kisasa na inafaa kazi zote. Kwa nje ilikuwa nzuri kweli: nyembamba, nyepesi, kioo kinang'aa.

Nilipoiwasha nikakuta prosesa ya viini viwili, ya daraja la chini kabisa, iliyoundwa kwa ajili ya kuandika barua na kuangalia video. RAM ilikuwa GB 4 zilizochomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuongeza. Hifadhi ilikuwa GB 64, na sehemu kubwa yake ilikwisha kumezwa na mfumo wenyewe. Sikutaka kumvunja moyo mzee. Tukaanza.

Kinanda kilikwenda vizuri, soprano na alto wakaingia vizuri. Tulipofika kwa tenor, sauti kwenye hedifoni ikaanza kukatika. Nikasimamisha, tukarudia. Ikakatika mahali pengine. Mzee akanisogelea, akaninong'oneza, "Mwanangu, mbona inakohoa?"

Mwalimu wa kwaya alitaka tuahirishe, lakini wanakwaya walikuwa wameomba ruhusa makazini na wengine wameacha biashara zao. Ikabidi tuisaidie mashine. Nilizima kila kitu kisichohusika na sauti. Nikapandisha bufa hadi 1,024. Kwenye kadi ya sauti ya nje kuna kitufe kinachopeleka maikrofoni moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta, nami nikakitumia hicho, ili ucheleweshaji usiwaguse waimbaji. Nikaondoa mwangwi na madoido yote yasiyo ya lazima. Kisha nikagandisha traki zilizokwisha kurekodiwa, yaani nikaiambia programu iandike kila sauti pamoja na madoido yake kuwa faili moja la kawaida, isiikokotoe upya kila tunapocheza. Kikohozi kikapungua, kazi ikaisha jioni.

Lakini besi wawili walikuwa wamekauka koo kwa kurudia yale waliyoyaimba vizuri tangu mara ya kwanza, na ule mwitikio mtamu wa asubuhi hatukuupata tena. Mashine dhaifu ya muziki hulipiwa mara mbili: dukani kwa fedha, na mbele ya maikrofoni kwa pumzi za watu. Mzee yule alikuwa mwaminifu kwa kila shilingi ya wenzake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia aulize nini kabla ya kulipa. Nimejitwika kazi hiyo tangu wakati huo, na ninaifanya kwa moyo wote.

Mpwa wangu alipofikia kununua mashine yake, tulikwenda pamoja Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey. Anatengeneza biti za singeli na Bongo Fleva, na alikuwa na shilingi laki nane alizozikusanya mwenyewe. Muuzaji alituwekea mbili juu ya kaunta. "Anko, hii i7, mashine ya mabosi hii. Hiyo nyingine ni i5 tu." Bei ya i7 ilikuwa juu kidogo, na macho ya mpwa wangu yalikwisha kwenda huko.

Nilimwomba afungue ukurasa wa taarifa za mfumo na kusoma jina lote la prosesa, asiishie kwenye ile herufi na tarakimu ya mwanzo. Moja ilikuwa i7-7500U, nyingine i5-8250U. Kwa prosesa hizi, tarakimu inayofuata kistari hutaja kizazi. Katika kizazi cha saba, prosesa za laptopu zenye herufi U mwishoni zilikuwa na viini viwili tu, iwe i5 au i7. Mwaka 2017 kizazi cha nane kilipotoka, i5 na i7 za aina hiyo zikapewa viini vinne. Kwa hiyo ile "i5 tu" ilikuwa na viini mara mbili ya mashine ya mabosi. Kwa mtu anayeendesha traki thelathini, kila moja na plagini zake, viini hivyo ndivyo vinavyogawana mzigo. Mpaka huohuo wa kizazi cha nane una faida nyingine: huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za nyuma yake. Anayenunua chini ya hapo ananunua mashine iliyokwisha kufungiwa mlango.

Baada ya prosesa tukaitazama RAM. Kwa biti na vokali GB 8 zinatosha kuanzia. Ukitumia vinanda na vinanda vya nyuzi vilivyorekodiwa nota kwa nota, ambavyo hupakia sauti zake kwenye RAM, tafuta 16. La muhimu zaidi kwa mwenye fedha kidogo ni nafasi ya kuongeza. Laptopu za ofisini za miaka ile, kama ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 na HP EliteBook 840 G5, zina nafasi mbili za RAM na diski inayobadilishwa kwa bisibisi. Unaweza kuanza na GB 8 leo, ukapata kazi mbili tatu, ukaongeza nyingine. Huo ndio unafuu ninaouamini, wa mashine inayokua na kipato chako.

Diski nayo huamua mambo mengi. Ile ya zamani ya sahani inayozunguka husoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, na hushuka vibaya inapoitwa kusoma mafaili mengi kwa mpigo, jambo ambalo mradi wa muziki hulifanya muda wote. SSD ya kawaida ya SATA hufika kama MB 500 na haisikiki hata kidogo. Nikikuta laptopu nzuri yenye diski ya kuzunguka, simkatishi mtu tamaa. Namwambia atenge fedha ya SSD kabla ya kulipa.

Kisha tukaijaribu kwa kazi yake halisi. Mpwa wangu alikuwa amekuja na flashi yenye wimbo wake mzito kuliko zote, ndani ya Reaper, programu ya kurekodia inayoweza kukaa kwenye flashi na kufunguka bila kusakinishwa. Reaper humruhusu mtu kuijaribu yote kwa siku 60, na leseni yake ya punguzo ni dola 60. Mimi huwasihi vijana waifikirie hiyo badala ya kupakua programu zilizovunjwa kufuli, kwa sababu nimesafisha kompyuta nyingi zilizoingizwa virusi na "zawadi" hizo, na wenye kompyuta hizo ndio waliokuwa wakilaumu prosesa.

Tuliuacha wimbo ucheze ukijirudia, chaja ikiwa imechomekwa, kwa kama nusu saa, kwa kuwa mashine nyingi huimba vizuri dakika tano za kwanza, kisha joto likizidi prosesa hujipunguza kasi na mikwaruzo huanza. Tulivaa hedifoni na kusikiliza muungurumo wa umeme. Tukachomoa chaja, tukasikiliza tena, tukaona kama programu inakwama ikiwa kwenye betri, kwani laptopu nyingi hujibana ili kuokoa chaji na lazima uzipangie upya ziruhusiwe kufanya kazi kwa nguvu zote. Tuliwasha LatencyMon, programu ndogo inayoonyesha ni dereva gani ndani ya Windows anayekatiza sauti. Mara nyingi mhalifu huwa ni wa Wi-Fi, na ukiizima mambo hutengemaa. Kwa betri tuliandika amri ya powercfg /batteryreport, ikatoa ukurasa wenye namba mbili: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo ilionao sasa. Mwisho tukazima na kuwasha upya kuhakikisha haina nywila ya BIOS iliyoachwa na ofisi iliyoimiliki kwanza.

Muuzaji alituvumilia, akaagiza chai, na kabla hatujamaliza alikuwa anauliza jina la ile programu ya kupima ili aitumie kwa wateja wengine. Tukaondoka na ile i5, ambayo ilikuwa T480. Betri yake ya nje hutoka kwa vidole bila bisibisi, huku ya ndani ikiendelea kuiweka mashine hai. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo umeme hukatika katikati ya wimbo, betri ya akiba mfukoni ni sehemu ya studio.

Sisemi kila mtu anunue hiyo. Dada mmoja mwimbaji ninayefanya naye kazi Kinondoni alichagua MacBook Air yenye chipu ya M1, ile iliyotoka Novemba 2020, nami nilimuunga mkono. Anarekodi sauti yake na gitaa katika chumba anacholala, na kompyuta ile haina feni kabisa, kwa hiyo hakuna mvumo unaoingia kwenye maikrofoni. GarageBand huipata bure, na akitaka FL Studio, tangu 2018 ipo kwa Mac pia. Nilimwambia jambo moja tu alizingatie: RAM na hifadhi yake havibadilishwi, hivyo kiasi atakachonunua ndicho atakachokuwa nacho hadi mwisho. Alikuwa na fedha ya kutosha kuchagua vizuri tangu mwanzo. Mpwa wangu hakuwa nayo, na kwake mashine ya kufungua na kuongeza ilikuwa na hekima zaidi. Anayejua kazi yake na mfuko wake hupata jibu mapema.

Ninachowaomba wote ni wasimalize fedha kwenye laptopu. Mtu akiniambia ana milioni moja na laki mbili, namshauri kompyuta ichukue theluthi mbili hivi, na zinazobaki ziende kwenye maikrofoni ya heshima, kadi ya sauti ya nje, hedifoni za kufunika masikio, na mablanketi mazito ya kutundika ukutani. Msikilizaji hatajua kamwe ulitumia prosesa gani. Atajua mara moja kama chumba chako kinapiga mwangwi wa bafuni. Kama laptopu yako ina feni, waya wa USB wa mita tatu au nne utakuwezesha kuiweka mbali na mwimbaji, na kurekodi ukiwa kwenye betri huondoa muungurumo ambao chaja huleta mara kwa mara. Hayo ni mambo ya bei ndogo ambayo studio kubwa huyalipia kwa njia nyingine.

Tenga pia fedha ya diski ya nje. Sauti moja iliyorekodiwa kwa biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde hula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki thelathini ni takribani GB moja, kabla hujahesabu marudio. Albamu ya kwaya hujaza diski ndogo haraka, na diski iliyojaa pomoni ndiyo huanza kusumbua siku ya kazi. Kila ninapomaliza kurekodi, mafaili hukaa mahali pawili kabla sijakunja nyaya.

Wanaodhani muziki mkubwa husubiri mashine kubwa waiangalie Mburahati. Kwenye studio ya Sisso, vijana walitengeneza singeli ya mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika kwa vifaa vya kawaida kabisa, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliopeleka sauti za uswahilini kwenye masikio ya nchi za mbali. Uwezo wao haukuwa kwenye boksi la kompyuta. Waliifahamu mashine yao mpaka wakajua itabeba nini na itakataa nini, wakatunga ndani ya nafasi hiyo kwa ujasiri wote.

Kwangu hili ni suala la nani atarekodiwa. Kuna kwaya za mitaani, vikundi vya ngoma, mabibi wanaojua nyimbo ambazo hazijawahi kupita kwenye maikrofoni. Hao hawatakwenda studio za gharama kubwa. Watarekodiwa na kijana wa jirani mwenye laptopu ya mtumba, au hawatarekodiwa kabisa. Mara nyingi bibi wa namna hiyo ataimba vizuri mara moja, kwa sababu amechoka, au kwa sababu wimbo wenyewe hautaki kurudiwa. Ndiyo maana nawasihi vijana wachague mashine kwa kumfikiria yeye, na wafanye majaribio yote kabla hajafika. Atakapoketi na kuanza kuimba, wimbo mzito uwe ulishachezwa nusu saa bila mkwaruzo, diski iwe na nafasi, betri imejaa, na Wi-Fi imezimwa.